Maswali na Majibu: Mvua ya Mawe na Vumbi la Majani Chai

Kericho iko karibu na ikweta. Hiyo barafu ya mvua ya mawe inatoka wapi? – Mkulima, Bomet

Inatoka juu ya kichwa chako, ndugu yangu. Joto la ikweta ni la huku chini. Ukipanda angani, kila kilomita moja joto hupungua kwa nyuzi kama sita, na kwenye mita 4,500 hadi 5,000 unakuta sifuri. Kericho yenyewe iko kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo barafu ikianza kudondoka haina safari ndefu kabla ya kutua kwenye chai. Ingekuwa Mombasa, nyingi ingeyeyukia njiani.

Halafu kuna ziwa. Mchana upepo wa Ziwa Victoria hupanda kuelekea mashariki, ukakutana na upepo unaotoka upande wa Bahari ya Hindi. Hewa ikibanwa namna hiyo haina njia ila kwenda juu, ndiyo maana mawingu meusi hujikusanya kuanzia saa nane hivi mchana. Hesabu inayotajwa sana kuhusu Kericho ni siku 132 za mvua ya mawe kwa mwaka. Mwenye shamba hahitaji kuambiwa maana yake: majani mawili na kichipukizi, yote yamechanwachanwa.

Nafundisha kuwa maji huganda kwenye sifuri. Mwanafunzi wangu amesoma kwamba mawinguni kuna maji yenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na bado ni maji. Nani amekosea? – Mwalimu, Litein

Mwanafunzi wako yuko sawa, mwalimu, na umpongeze. Sifuri ni kiwango cha barafu kuyeyuka. Kuganda kuna masharti yake. Molekuli za maji lazima kwanza zijipange kwa umbo la fuwele, na kikundi cha kwanza kikiwa kidogo mno husambaratika kabla hakijakua. Tone safi, dogo kama lile la wingu, linaweza kubaki maji mpaka karibu nyuzi 38 chini ya sifuri.

Kinachoharakisha mambo ni kitu kigumu ambacho maji yanaweza kujipangia juu yake. Hapo ndipo erosoli inapoingia, yaani chembe zote zinazoelea hewani: vumbi, chumvi ya bahari, masizi, chavua, vipande vya majani, hata bakteria. Nyingi husaidia mvuke kuwa tone. Zinazoweza kugandisha tone ni chache sana, mara nyingi haifiki moja katika laki. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, walionyesha kwamba katika vumbi la jangwani kazi kubwa hufanywa na madini aina ya feldispa. Chembe zinazoweza kugandisha tone huitwa viini vya barafu.

Wazee wetu husema chai ndiyo inayoleta mvua ya mawe. Ni kweli au ni hadithi? – Mchumaji chai, Kericho

Swali lako, dada, lilishawahi kupimwa pale pale shambani, na ningependa kila mchumaji alijue.

Mwaka 1972 Russell Schnell na Gabor Vali wa Chuo Kikuu cha Wyoming, Marekani, walichapisha katika jarida la Nature kwamba majani yanayooza yana viini vinavyogandisha maji kwenye nyuzi chache tu chini ya sifuri. Watu walikuwa wamezoea kudhani kazi hiyo ni ya vumbi la udongo. Miaka michache baadaye ikadhihirika kuwa mmoja wa wahusika ni bakteria aitwaye Pseudomonas syringae, anayeishi juu ya majani. Ana protini inayopanga maji kwa umbo la barafu, na huweza kugandisha tone hata kwenye nyuzi 2 chini ya sifuri.

Schnell akaja Kericho. Kipimo chenyewe ni rahisi kueleza. Unaokota majani yaliyooza chini ya kichaka cha chai, unayaloweka kwenye maji safi, kisha unadondosha matone ya maji hayo kwenye sahani baridi na kuipoza polepole. Matone yanakaa kama vioo vidogo. Unasubiri. Ghafla moja linageuka jeupe, kama jicho lililoingia mtoto wa jicho, halafu la pili, halafu la tatu. Matone ya maji matupu pembeni yanabaki angavu.

Mwaka 1982 Schnell na mwenzake Tan-Schnell waliandika katika jarida la Tellus kwamba takataka za majani chai zina viini vinavyogandisha maji kwenye nyuzi kama 5 chini ya sifuri. Wakapendekeza kwamba wachumaji wanapopita kati ya vichaka huzitimua zikapanda na hewa ya mchana hadi mawinguni. Yaani nyayo zako, dada, zimo katika hoja ya sayansi.

Lakini tusizidishe. Kwamba viini vimo chini ya chai, hilo limepimwa. Kwamba vinafika winguni kwa wingi wa kutosha kuongeza mvua ya mawe, hiyo ni hoja nzuri ambayo bado inadai ushahidi. Ziwa na milima vingeleta dhoruba hata pasingekuwa na shina moja la chai. Kwa maoni yangu vyuo vyetu ndivyo vinavyostahili kulimaliza swali hili, kwa sababu shamba liko mlangoni.

Baba husimulia ndege zilizopambana na mvua ya mawe Kericho. Zilikuwa zinamwaga nini? – Msomaji, Nairobi

Iodidi ya fedha, yaani kemikali ya fedha na iodini. Fuwele zake zinafanana kwa umbo na barafu, jambo lililotambuliwa na Bernard Vonnegut mwaka 1946 katika maabara ya General Electric mjini Schenectady, Marekani. Nia ya marubani ilikuwa kuongeza viini ili maji yale yale yagawane katika mawe mengi madogo badala ya machache makubwa. Kuthibitisha faida yake ni kazi ngumu, maana huwezi kuirudisha dhoruba ile ile uone ingekuwaje bila ndege.

Jirani huchoma matairi wingu likitanda, eti moshi unazuia mawe. – Msomaji, Sotik

Mwombe aache. Masizi ni dhaifu sana kama kiini cha barafu katika mawingu kama hayo, na moshi wa tairi unaumiza mapafu ya watoto wenu leo hii.

Watoto hula mawe yakianguka. Kuna madhara? – Mama, Nandi

Mama, heri wasile, maana jiwe huja na vumbi la hewani. Chukueni jiwe kubwa, mlikate katikati kwa kisu chenye ncha kali. Mtaona matabaka kama ya kitunguu, moja jeupe kama maziwa, lingine angavu, kadiri lilivyokua ndani ya wingu. Kisha liacheni liyeyuke kwenye sahani nyeupe hadi maji yakauke. Kiini chenyewe ni kidogo mno kuonekana kwa macho, lakini huenda mkaona alama hafifu ya vumbi ambalo jiwe lilibeba likija.