Maswali ya Wasomaji: Kampuni kubwa zikishaungana, nani anaweza kuziwajibisha?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaendesha duka la vifaa vya ujenzi Kizota, hapa Dodoma. Zamani nilikuwa nikinunua mabomba ya maji kwa kampuni mbili zilizogombea wateja: moja ikipandisha bei, ninahamia kwa nyingine, na zote mbili zilinipa mzigo kwa mkopo wa mwezi mmoja. Sasa zimeungana. Mkopo umeondolewa, bei imepanda, na wakala wao ameniambia kwa mdomo kwamba nikiendelea kuweka dukani mabomba ya kampuni nyingine, sitapata mzigo wao tena. Tuliambiwa muungano huo uliruhusiwa kisheria. Je, wadhibiti wakisharuhusu, wanabaki na meno yoyote, au ndiyo basi?
Mfanyabiashara, Kizota, Dodoma

JIBU: Ndugu yangu, meno wanabaki nayo, ila hayana ukali ule yaliokuwa nao kabla kibali hakijatolewa.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inazitaka kampuni ambazo ukubwa wake unavuka kiwango kilichowekwa ziiarifu Tume ya Ushindani kabla ya kuungana, na anayevunja sheria hiyo anaweza kutozwa faini inayoweza kufikia asilimia 10 ya mapato yake ya mwaka. Katika kipindi cha kusubiri kibali, Tume ndiyo iliyoshika mpini, kwa sababu wenye haraka ni wanaonunua na wanaouza kampuni, na kila sharti litakalowekwa watalikubali au waache biashara yenyewe. Kibali kikishatoka, mitambo inahamishwa, maghala yanafungwa, wafanyakazi wanapunguzwa na mawakala wanasainishwa mikataba mipya. Kuyarudisha hayo yote yalivyokuwa ni kazi ambayo hata mahakama za nchi tajiri huikwepa.

Kwa hiyo jambo la kutazama kwanza ni aina ya sharti lililowekwa mwanzoni. Chukua mfano wa bia. Mwaka 2002 wapinzani wawili wakubwa wa Afrika Mashariki walimaliza vita vyao vya soko kwa makubaliano ambayo yaliipa East African Breweries ya Kenya asilimia 20 ya hisa za Tanzania Breweries, huku kiwanda chake cha Kibo, kule Moshi, kikiingia mikononi mwa Tanzania Breweries. Mwaka 2010 East African Breweries hiyo hiyo ikataka kununua asilimia 51 ya Serengeti Breweries, yaani ingekuwa na mkono katika kampuni mbili zinazoshindana. Tume iliruhusu kwa sharti kwamba iachie ile asilimia 20, na mwaka 2011 hisa hizo ziliuzwa kupitia Soko la Hisa la Dar es Salaam. Sharti la namna hii ninalithamini sana, kwa sababu halihitaji mkaguzi wa kulilinda mwaka hadi mwaka. Hisa zikishauzwa, zimeuzwa.

Sharti la aina ya pili ni ahadi ya mwenendo: kampuni inaruhusiwa kuungana, lakini inaahidi kutowaonea wateja wala kuwabana washindani. Hapo ndipo wadhibiti wengi wanaposhindwa, na mfano ulio karibu kabisa na tatizo lako uko Marekani. Mwaka 2010 Live Nation, waandaaji wa matamasha, waliruhusiwa kuungana na Ticketmaster, wauzaji wa tiketi, kwa sharti kwamba wasiwalipizie kisasi wenye kumbi watakaochagua muuza tiketi mwingine. Karibu miaka kumi baadaye Wizara ya Sheria ya nchi hiyo ilieleza kwamba sharti hilo limevunjwa mara kwa mara, likaongezewa muda, na mwezi Mei 2024 Wizara ikafungua kesi kutaka kampuni hizo zitenganishwe. Miaka 14 ilipita, katika nchi yenye wanasheria na fedha za kutosha, na kitisho walichokuwa wakipewa wenye kumbi kinafanana na ulichoambiwa wewe: ukimchukua yule, sisi hutupati.

Sasa tuje kwenye malalamiko yako, ambayo ni matatu na hayana uzito sawa mbele ya sheria. Bei kupanda peke yake si kosa. Tume ya Ushindani haipangi bei ya mabomba kama EWURA inavyotangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi, na kampuni inaweza kuuza ghali bila kuvunja sheria hii. Kuondoa mkopo nako, kwa kawaida, ni uamuzi wa muuzaji. Lakini kukunyima mzigo kwa sababu unauza bidhaa za mshindani ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa kampuni yenye nguvu kubwa sokoni hairuhusiwi kuitumia nguvu hiyo kuwafungia wengine njia. Ningependa kila mwenye duka alifahamu hili: kibali cha kuungana si kinga dhidi ya katazo hilo. Hata kama muungano uliruhusiwa bila sharti hata moja, mwenendo wa leo unachunguzwa kwa sheria ya leo.

Ugumu wako ni ushahidi, maana wakala alisema kwa mdomo. Mwandikie ujumbe wa simu wenye adabu: “Uliniambia kwamba nikiweka mabomba ya kampuni nyingine sitapata mzigo wenu. Naomba unithibitishie ili nipange oda zangu.” Akijibu, una maandishi. Asipojibu, na oda yako inayofuata ikakataliwa, weka pamoja ujumbe huo, oda, risiti za EFD za miezi ya nyuma na hati za kupokea mzigo, vyote vikionyesha tarehe. Kisha zungumza na wenzako wenye maduka, kwa sababu lalamiko la duka moja linaweza kuelezwa kuwa ni ugomvi wa mteja na wakala, ilhali maduka sita yenye simulizi moja yanaonyesha sera ya kampuni. Ukiogopa kulipiziwa kisasi, omba katika barua yako kwamba taarifa zako zitunzwe kama siri. Tume ina mamlaka ya kuidai kampuni nyaraka ambazo wewe huwezi kuzipata.

Nina ombi langu pia kwa Tume. Kila muungano unaoruhusiwa kwa masharti, masharti hayo yaandikwe kwa Kiswahili kinachosomeka na yawafikie wafanyabiashara wa mikoani, kwani hao ndio wa kwanza kuona yakivunjwa. Mtu wa Kizota hawezi kutoa taarifa ya kuvunjwa kwa sharti ambalo hakuwahi kulisikia.

SWALI: Je, uamuzi wa Tume wenyewe unaweza kupingwa, au ni wa mwisho?
Msomaji, Manyoni, Singida

JIBU: Unaweza, mbele ya Baraza la Ushindani, na limewahi kuutengua uamuzi mzito. Mwaka 2021 Scancem, kampuni tanzu ya Heidelberg ya Ujerumani ambayo tayari ilikuwa na saruji ya Twiga, ilitangaza kununua asilimia 68.33 ya Tanga Cement, watengenezaji wa Simba. Tume iliruhusu, kampuni nyingine ya saruji ikakata rufaa, na Septemba 2022 Baraza likakifuta kibali. Shauri halikuishia hapo: kibali kipya kilitafutwa na kupatikana, na mwishowe hisa zilizokuwa zimenunuliwa na Scancem zikauzwa kwa Amsons, kampuni ya hapa nchini. Unaweza kubishana kuhusu matokeo hayo, lakini rufaa ilisikilizwa na ilibadilisha mambo.

Angalia tu muda. Sheria inatoa siku 28 za kukata rufaa tangu uamuzi unapotolewa taarifa au kutangazwa, si tangu siku ulipousikia sokoni Manyoni. Ukisikia kampuni mbili unazozitegemea zinazungumza kuungana, peleka maoni yako Tume wakati huo huo, kwa maandishi, na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.