Upepo wa tenki ni wa tairi, usipeleke hiyo kompyuta kwa msee wa pancha!

Wewe wa Nakuru, wacha. Weka hiyo mashine chini kwanza, salamu tutapeana baadaye.

Umeandika ati kila asubuhi ukiwasha inakwambia tarehe haijawekwa, bonyeza F1, saa imerudi 2009, brauza inakataa kufungua iTax, ile tovuti ya kodi, na feni inalia kama posho mill. Mpaka hapo tuko pamoja. Halafu ukaongeza, kama mtu anayeenda tu dukani kununua mkate, ati kesho unaipeleka kwa msee wa pancha aipulize na kompresa vumbi itoke, ndio ubadilishe betri na pesti, ile ya kupitisha joto ya prosesa, na kama inafaa uongeze RAM, yaani kumbukumbu. Hapo kwa msee wa pancha ndio nimemwaga chai kwa kibodi. Kibodi ni ya mia nne, nitakudai.

Hiyo safari yako ya kesho mimi nishaisafiri, omera. Nilienda na kompyuta nikarudi na bati.

Mimi niko na kasaiba kadogo hapa Kisumu, upande wa Manyatta, mashine nne na printa moja yenye hasira. Wenye wanajua saiba za mtaa wanajua zinakula nini: Juni ni ritani za kodi za KRA, na mwaka mzima ni programu za mazishi, vile vijitabu vya ratiba na picha. Sasa hii ilikuwa Juni 2019, wiki ya mwisho, unajua mwisho wa kufaili ni tarehe 30, foleni imefika mpaka kwa mama wa mboga, na mashine ya kaunta ndio ikaamua kuanza hizo tabia zako zote. Yangu ilikuwa inarudi 2011, nafikiri kila mashine hurudi karibu na mwaka iliozaliwa. Mteja anaketi, naandika PIN yake, ukurasa unakataa, ati muunganisho si salama. Mimi nikajua ni virusi. Nikapiga skani usiku kucha, asubuhi imepata virusi sufuri na saa bado iko 2011.

Kumbe si virusi wala nini. Tovuti kama hizo huwa na cheti, na cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayoamini tuko 2011 ikiona cheti cha 2019 inaona ni kama umempelekea askari kitambulisho cha mtu hajazaliwa. Lazima akatae. Na saa inapotea kwa sababu kuna kabetri kadogo kwa madabodi, ile bodi kubwa ya ndani, duara kama shilingi, ndiko kanashikilia saa na mipangilio ya BIOS, ile programu ya kuamsha mashine, wakati hakuna stima. Kakiisha, ukizima kwa soketi tu, mashine inaamka imesahau kila kitu. Betri ya mia moja. Hiyo mia moja ikumbuke, nitairudia.

Lakini wakati huo sikujua, na hapo ndio akaingia daktari.

Kulikuwa na jamaa aliyekuwa na meza chini ya ngazi ya jengo letu. Fundi wa simu, fundi wa redio, fundi wa kila kitu chenye waya, ana kile kikoba cha skrudraiva thelathini na mbili, akikifungua unaona uko mbele ya profesa. Akaweka sikio kwa kava ya mashine, akafunga macho (nakuapia alifunga macho) akasema, "Hii ni joto. Joto imepanda mpaka saa imechanganyikiwa." Akanishauri niipeleke kawoshi wapulize na kompresa, dakika mbili, itarudi kama imetoka Uingereza jana. Akachukua mia mbili zake za ushauri. Mia mbili! Hiyo ni betri mbili. Na ili nijue sikuwa mjinga peke yangu, niliingia kwa mtandao kuthibitisha, nikapata mtu ameandika vilevile na watu wengi wamempigia laiki. Wewe uliyeandika hiyo komenti, kama bado unaishi humu, najua hutajitokeza, lakini kila nikiona tairi imepasuka nakukumbuka.

Basi Alhamisi mchana nikafunga saiba, nikapanda boda na mashine mapajani kama mtoto anapelekwa kliniki, mpaka kawoshi moja kando ya ziwa. Kijana wa hapo akauliza mara moja tu, "Una uhakika, buda?" Yule kijana ndiye alikuwa na akili kuliko sisi wote, mimi, fundi na yule wa mtandaoni. Nikamwambia piga.

Akapiga. Wueh! Vumbi ikatoka na wale wadudu wa ziwa, sam, waliokauka kwa hitisinki, yale mabati ya kupoza prosesa, tangu sijui lini, wingu la kahawia hivi mpaka mwenye gari la karibu akafunga madirisha. Feni ya prosesa ikazunguka ikalia wiii kama ndege inaruka, na mimi nikiwa pale nimesimama nafurahia nikapiga video nikaweka status. Video niliifuta lakini kuna mtu aliisevu, bado ananitumia kila Juni.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Kompresa inafanya nini? Inameza hewa ya hapo nje, inaifinya ndani ya tenki. Hewa ya Kisumu, kando ya ziwa, iko na unyevu wa kufua nguo. Ikifinywa inapata moto, ikipoa humo ndani ya tenki ule unyevu unageuka maji, unakaa chini. Ndio maana tenki iko na valvu chini ya kumwaga maji, na niambie ni lini ulimwona msee wa pancha akiimwaga. Juu ya hiyo, oili ya mashine inachanganyika humo. Tairi haijali. Madabodi inajali sana. Unafikiri unapuliza hewa kumbe unanyunyizia supu, tena kwa presha ya kujaza tairi ya lori, kwa hivyo inaingia chini ya vitu vyenye hata brashi haifiki. Niliona kitu kama umande kwa bati ya ndani. Nikajua ni jasho langu.

Na ile feni iliyokuwa inaimba? Feni ukiipuliza inazunguka kuliko ilivyotengenezewa, beringi inakufa, na mota yenyewe inageuka jenereta inarudisha umeme kwa bodi. Mimi nilikuwa nachukua video.

Nikarudi, nikachomeka, nikawasha. Sikungoja hata dakika, foleni ya KRA ilikuwa inanitazama. Tak! Mlio mmoja, harufu ya samaki ya kuungua, giza jengo zima. Saluni ya jirani kulikuwa na mama chini ya draya, nilisikia jina langu likitajwa kupitia ukuta na maneno mengine ambayo admin atafuta.

Pawa saplai, kile kisanduku cha kuingiza stima, ilikufa ikiwa imeshika mkono madabodi, na madabodi ikaishika hadi diski. Na kwa ile diski ndio kulikuwa na programu ya mazishi ya Jumamosi, kurasa 16, picha zaidi ya arobaini, nyingine nimeskani kutoka albamu ya zamani, kopi 300, familia imelipa depositi ya elfu kumi. Nakala nyingine ilikuwa wapi? Usiniulize. Fleshi ilikuwepo, ilikuwa na muziki.

Usiku huo nilitaipu yote upya kwa mashine ya pembeni, kibodi yake haina herufi K vizuri, na familia ni ya kina Okoth. Picha nikaomba WhatsApp, watu wanatuma saa nane usiku, nyingine hazina jina, nabandika tu macho yakiwa mekundu. Jumamosi programu zikafika matangani, na ukurasa wa tano, chini ya maneno "Marehemu akiwa kazini", nimeweka picha ya ndugu yake. Yuko hai. Jumatatu akaja saiba na fimbo, mzee mpole, akaketi, akaniuliza kama kuna kitu najua ambacho yeye hajaambiwa.

Hesabu: mashine ingine ya mtumba, eks-UK, elfu kumi na nne, kujaribu kuokoa diski elfu tano na haikuokoka, nusu ya pesa ya programu nilirudisha, na wateja wa KRA wa siku tatu walienda kwa jirani na wengine hawajarudi mpaka leo. Fundi wa ngazi nilimpigia, mteja wa nambari uliyopiga hapatikani. Alipopatikana akasema mashine yenyewe ilikuwa imechoka. Mashine! Ilikuwa inasumbuliwa na saa tu!

Kwa sababu nilipofungua maiti baadaye nikapima kile kibetri, kinatakiwa kuwa na volti 3, kilikuwa na 1.9. Mia moja. Nilienda kuzama ziwani kwa sababu ya mia moja.

Kwa hivyo nakwambia na nitasema tena: upepo wa tenki ni wa tairi. Si kawoshi, si pancha, si petroli stesheni, si binamu yako mwenye kompresa ya kupaka rangi. Usiniambie Nakuru hakuna ziwa kubwa kama letu, maji yako ndani ya tenki, si ndani ya ziwa. Najua vumbi yenu pia, hata jina lenyewe wanasema lilitoka kwa Kimaasai, mahali pa vumbi, mlipewa city 2021 lakini vumbi haikuhamishwa. Vumbi ya Nakuru inatoka na brashi. Nunua brashi ya rangi ya inchi mbili, mpya, kavu. Chomoa waya wa stima, finya swichi ya kuwasha sekunde kama kumi na tano umeme uliobaki uishe, shika bati ya kava kidogo ndio uguse ndani, toka nayo verandani, zuia feni na penseli isizunguke, piga brashi polepole kati ya feni na yale mabati ya hitisinki, hapo ndio huwa kuna blanketi zima. Kwa kona tumia pampu ya mkono ya baiskeli, ama kama una pesa ile blowa ndogo ya umeme isiyo na tenki. Pawa saplai usiifungue kamwe, hata ikiwa imechomolewa, humo ndani kuna kapasita zinakaa na umeme wa kukutupa, piga brashi kwa matundu ya nje tu.

Lakini hata kabla ya brashi, betri. Inaitwa CR2032, imeandikwa juu yake, 20 ni upana na 32 ni unene wa milimita 3.2. Nunua duka lenye watu wengi, za pale stejini nyingine zimekufa ndani ya karatasi. Kabla hujaitoa ingia BIOS upige picha kila ukurasa na simu, hasa pale pa SATA, mpangilio wa diski, ikibadilika kutoka AHCI Windows itakataa kuwaka na utarudi hapa kulia. Ukishazima na kuchomoa waya, kuna kijichuma cha pembeni, kisukume na ukucha, betri inaruka yenyewe, mpya iingie maandishi yakitazama juu. Usichokonoe na skrudraiva. Na ile ya zamani usiiache mezani kama kuna mtoto, akimeza inaweza kumchoma koo ndani ya saa mbili, hiyo si mchezo, ni hospitali mbio.

Na ukimaliza usizime kwa soketi kila usiku kama mimi, ikiwa kwa soketi mashine inatumia stima kidogo kushikilia saa na betri inapumzika. Najua, tokeni za stima. Basi chagua.

Ah, pesti uliuliza. Weka kiasi cha punje ya njegere, ya zamani futa kwanza na spiriti, na hitisinki usiing'oe ikiwa baridi, washa mashine dakika kumi, zima, chomoa, halafu izungushe kidogo kushoto kulia ndio itoke. Zaidi ya hapo waulize wengine. Kulikuwa na swali lingine ulikuwa umeuliza, sijui lilikuwa la nini, nikikumbuka nitarudi.

Na kama umesoma hii ukiwa tayari kwa msee wa pancha na imeshapulizwa: USIWASHE. Fungua kava, toa betri, iweke mahali pakavu penye upepo wa Mungu, si wa tenki, siku tatu, na diski chomoa uikaushe kando. Niambie basi, ushatoka nyumbani ama bado?