Shirika changa au kubwa? Niliyoyapitia nikiwa mhudumu wa ndege

Mdogo wangu, umesema shirika changa lenye ndege mbili limekupa kazi ya uhudumu wa ndege, na usaili wa shirika kubwa bado miezi mitatu. Unauliza ukubali au usubiri. Nilikaa miaka mitatu kwenye dogo, na sasa nina sita kwenye kubwa.

Watu wengi watakuambia habari za mshahara na safari za mbali. Mimi naona tofauti kubwa ni akiba: ndege ya ziada, mhudumu wa ziada, fedha za kuvukia mwezi mbaya. Shirika kubwa linazo. Letu halikuwa nazo.

Tulikuwa na ndege mbili za propela aina ya ATR 72. Moja ilipong'olewa injini kwa matengenezo, nusu ya ratiba ilifutwa kwa wiki tano. Mshahara wetu wa msingi ulikuwa mdogo, sehemu kubwa ya pato ilitokana na saa za kuruka, na saa zilihesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inapoegeshwa tena. Mwezi ule nilipata saa 22 tu. Kodi ya nyumba nililipa kwa kukopa. Mashirika makubwa mengi nayo huhesabu saa vivyo hivyo, lakini kwao ndege ikiharibika huletwa nyingine, na mengi huweka idadi ya saa utakazolipwa hata usiporuka.

Siku nyingine mwenzangu aliugua asubuhi. Kanuni inataka angalau mhudumu mmoja kwa kila viti 50, kwa hiyo ATR 72 yetu ya viti 70 ilihitaji wawili. Ofisi ikambembeleza kapteni turuke na mimi peke yangu. Alikataa, safari ikaahirishwa, na hadi leo namheshimu kwa hilo. Pale nilipo sasa huwa kuna mtu wa zamu anayesubiri kuitwa, na hakuna anayembembeleza kapteni.

Hata hivyo, kazi hii niliijulia kule kwenye dogo. Mkiwa wawili hakuna mtu wa kujificha nyuma yake: matangazo, mikanda, mlango, abiria aliyezimia, vyote ni vyenu. Mwaka wa pili nilikuwa mhudumu kiongozi. Huku kwenye ndege kubwa ya Boeing 777 tunapanda wahudumu zaidi ya kumi, na niliojiunga nao siku moja bado tunasubiri cheo hicho. Na kulala kitandani kwangu karibu kila usiku nakukumbuka sana, ingawa tulikuwa tunapaa na kutua mara nne au tano kwa siku.

Fikiria pia foleni ya ukongwe. Kwenye mashirika mengi tarehe uliyoajiriwa ndiyo inayoamua njia, likizo na ratiba. Ukihama unaanza mkiani, kama nilivyoanza mimi. Lakini shirika changa likikua, wa kwanza ndio wanaokaa kichwani: JetBlue ya Marekani ilianza kuruka Februari 2000, na walioingia wakati ule walitangulia maelfu waliofuata. Na kubwa nalo huanguka. Ndege za Swissair, shirika la Uswisi, zilisimama zote Oktoba 2001, Thomas Cook ya Uingereza ikafunga Septemba 2019.

Kabla ya kusaini, soma kipengele cha gharama za mafunzo, yaani deni utakalodaiwa ukiondoka mapema. Mimi sikukisoma, na nilipoondoka kabla ya muda nilikatwa mishahara miwili. Waulize hivi: deni hilo linakufa wakikupunguza kazini au kampuni ikifungwa? Ndege zikisimama, nitalipwa saa ngapi? Tayari wana cheti cha uendeshaji kutoka mamlaka ya anga, au bado wanakisubiri? Kama wanakisubiri, usiache kazi uliyo nayo.

Wakikujibu kwa maandishi, kubali. Na kwenye ule usaili wa miezi mitatu ijayo, nenda vilevile.