Fundi, kile kitufe si wizi?

Shikamoo Fundi. Mimi ni mwanafunzi wa chuo cha ufundi, Tanga. Juzi kwenye simu niliona mbio za IndyCar za Marekani: dereva kabonyeza kitufe kwenye usukani, gari likachomoka, akampita mwenzake. Rafiki zangu wanasema ule ni wizi. Kama si wizi, mbona hakibonyezi mwanzo hadi mwisho?

Marahaba mwanangu. Si wizi, kila dereva anacho na wote wamepimiwa sawa: sekunde 150 au 200 kwa mbio nzima, kutegemea uwanja. Zikiisha, basi.

Ile injini ni ya lita 2.2, ina turbo mbili. Wewe uliyeshika turbo ya dizeli unajua: moshi wa ekzosi unazungusha feni, feni ya pili inashindilia hewa kwenye silinda. Dereva akibonyeza, kompyuta inaruhusu presha ya hewa ipande na mafuta yaongezeke. Anapata nguvu za farasi 50 hivi za ziada. Ukimtazama aliyekomaa, hangoji gari linyooke. Anabonyeza anapotoka konani, matairi yakishaikamata lami, ili mwendo ule aubebe barabara nzima.

Ninachokipenda zaidi ni kwamba aliye mbele naye anacho. Kwenye Formula 1, kuanzia 2011 hadi 2025, DRS, yaani bawa la nyuma linalofunguka kupunguza ukinzani wa hewa, ilimfungulia aliye nyuma kwa chini ya sekunde moja. Wa mbele hakuwa na jibu. Kwenye IndyCar huyu akibonyeza, yule anajibu, na mwenye akiba ndiye anayecheka. Hiyo kwangu ndiyo haki.

Kosa ni kukitumia pasiporuhusiwa. Sheria ilikuwa kitufe kinazimwa mbio zinapoanza na zinapoanza upya. Machi 2024, St. Petersburg, Florida, Josef Newgarden wa Team Penske alikitumia mbio zilipoanza upya, na akashinda. Mwezi uliofuata alinyang'anywa ushindi, akapewa Pato O'Ward. Hapo rafiki zako wana haki ya kulalamika.

Na unajua walivyogundua? Ilikuwa Long Beach, California, Aprili hiyo hiyo, magari yakipasha moto kabla ya mbio. Mtambo wa waandaaji unaokiwasha na kukizima kitufe ulipata hitilafu, kitufe kikafa kwa kila mtu, isipokuwa kwenye magari matatu ya Penske.