Potasiamu 9.8 kwa mgonjwa anayetembea

SWALI: Mimi ni msaidizi wa maabara katika kituo cha afya. Mama mmoja aliyekuja kwa miguu yake alipata majibu ya potasiamu milimoli 9.8 kwa lita, na kalisiamu 0.5, daktari akashtuka. Mwenzangu alikiri kwamba damu ya chupa yenye kizibo chekundu haikutosha, akaiongezea kidogo kutoka chupa ya zambarau. Je, kidogo hicho chaweza kuharibu majibu? Na kwa nini tusitumie dawa moja ya kuzuia damu kuganda kwa vipimo vyote?

JIBU: Chaweza, tena kwa urahisi. Chupa ya zambarau ina EDTA, ambayo huzuia damu isigande kwa kuikamata kalisiamu, na kwa kawaida dawa hiyo huwekwa ikiwa chumvi ya potasiamu; kwa hiyo damu yake ikimwagwa katika chupa nyingine, potasiamu hupanda na kalisiamu huporomoka kwa pamoja. Mkiyaona hayo mawili kwa mtu asiye mahututi, ishukuni chupa kabla ya kumshuku mgonjwa. Jambo hili linanigusa, kwa sababu potasiamu ya kweli ya kiwango hicho huweza kusimamisha moyo, na daktari anayeamini majibu hayo ataanza kuishusha potasiamu ambayo haijapanda.

Dawa moja haiwezi kutosha, kwa kuwa kila moja huacha alama yake katika damu. EDTA hutunza vizuri umbo la chembe, ndiyo maana hutumika kwa picha kamili ya damu, ilhali heparini, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, huitia slaidi ya hadubini rangi ya kibuluu. Vipimo vya muda wa kuganda vinahitaji sitrati, sehemu 1 kwa sehemu 9 za damu; chupa isipojaa hadi kwenye mstari, sitrati huzidi na muda huonekana mrefu kuliko ulivyo. Kwa sukari tumieni floridi, chupa ya kijivu, maana chembe huendelea kuila sukari hata ndani ya chupa.

Mnapotoa damu kwa sindano moja, anzeni na sitrati, kisha nyekundu, heparini, zambarau, na kijivu mwisho. Chupa zenye dawa zipindueni taratibu bila kuzitikisa. Damu ikipungua, mwelezeni mgonjwa sababu, kisha mchomeni tena.