Programu ya kuendeshea jimu: angalia malipo na mlango kwanza

Ndugu wa Mbarara, Uganda, kama nimekuelewa, una jimu yenye wanachama kama 200, unaendesha kwa daftari na Excel, na umekwama kati ya kulipia mfumo wa nje kama Mindbody au Glofox na kumpa kijana wa Kampala akutengenezee wako. Kabla ya kulinganisha vipengele, uliza mambo mawili: pesa inaingiaje, na nani anaamua mlango ufunguke. Mfumo ukishindwa hapo, ratiba nzuri na grafu za rangi hazitakusaidia kitu.

Tuanze na pesa. Mifumo mingi ya Marekani na Ulaya imejengwa juu ya kadi ya benki: mwanachama anasajili kadi mara moja, kila mwezi mfumo unakata wenyewe. Wateja wako watalipa kwa MoMo (pesa za simu za MTN), Airtel Money au taslimu. Halafu Stripe, kampuni ya kupokea malipo ya kadi ambayo mifumo kadhaa ya aina hiyo huitegemea, haifungulii akaunti biashara iliyosajiliwa Uganda. Ukiona wametangaza malipo ya kujirudia, waulize yatakujaje wewe, kwa laini ipi, na yataingia akaunti ipi. Wakikwepa swali, jua mhudumu wako wa mapokezi ndiye atakayeandika kila malipo kwa mkono.

Malipo ya simu hayakatwi kimyakimya. Programu inatuma ombi kwa namba ya mteja, simu yake inaonyesha kiasi, anaweka PIN, kisha mtandao unarudisha jibu: imefaulu, imekataliwa, au bado inasubiri. Hiyo "bado inasubiri" ndiyo inayoleta ugomvi mapokezini. Mteja amekatwa, ujumbe anao, lakini jibu limepotea njiani na skrini yako inasema hajalipa. Mfumo ulioandikwa vizuri haungoji jibu milele. Unarudi wenyewe kuuliza hali ya muamala kwa namba ya kumbukumbu mpaka upate jibu la mwisho. Mfumo mbovu unamwambia mhudumu atume ombi jingine, na mteja analipa mara mbili. Jaribu hivi: anzisha malipo ya shilingi 1,000, zima intaneti ya kompyuta ya mapokezi kabla hujaweka PIN, lipa, subiri dakika tano, washa. Rekodi ijirekebishe yenyewe bila mtu kugusa kitu.

Hakikisha pia mitandao yote miwili imo. Ombi la MTN haliwezi kutoa pesa kwenye laini ya Airtel, kwa hiyo utahitaji kuunganishwa na kila mmoja, au kupitia mpatanishi kama Flutterwave au Pesapal, yaani kampuni inayokupokelea malipo ya mitandao yote. Mpatanishi anarahisisha kazi lakini ana makato yake. Uliza asilimia ngapi, nani anaibeba kati yako na mteja, na pesa inafika benki baada ya siku ngapi. Ukiunganisha moja kwa moja, akaunti ya biashara na funguo zake (nywila za kuunganishia programu) ziwe kwa jina la kampuni yako, kwa nyaraka zako za URSB (ofisi ya usajili wa biashara) na TIN yako (namba ya mlipakodi), zisiwe kwa jina la fundi wa programu.

Na wanaolipa kwa namba ya biashara ya MoMo au Airtel (merchant code) bila kupitia programu? Hao hawaepukiki. Kanuni iwe kwamba mhudumu haamini ujumbe ulio kwenye simu ya mteja, kwa sababu ujumbe wa kughushi ni rahisi kutengeneza. Anatazama simu ya biashara, kisha anaandika namba ya muamala kwenye programu. Programu nayo ikatae namba iliyokwisha kutumika. Usitegemee jina la mlipaji, maana laini nyingi zimesajiliwa kwa jina la mke, kaka au mwajiri.

Sasa mlango. Vifaa vya alama ya kidole vya ZKTeco na vinavyofanana navyo vinapatikana Kampala kwa urahisi, na mafundi wanavijua. Swali la kumuuliza muuza programu ni moja: tarehe ya mwisho ya uanachama imeandikwa ndani ya kifaa, au kifaa kinauliza seva (kompyuta kuu ya mfumo) kila mtu anapoweka kidole? Ikiwa kinauliza seva, intaneti ikikatika una mambo mawili tu, mlango usiofunguka au mlango wazi kwa kila mtu. Ikiwa tarehe imo ndani, kifaa kinaendelea kuamua chenyewe, na kinachochelewa ni malipo mapya tu. Kumbuka Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Mfumo wa wingu, yaani unaokaa kwenye seva za mbali, usio na njia ya kufanya kazi nje ya mtandao ungekuacha na daftari lilelile unalotaka kulitupa.

Umeme nao uupigie hesabu. Kufuli ya sumaku ya kilo 280 hula takriban nusu ampea kwa volti 12, na kisomaji cha kidole kama 0.3. Jumla 0.8. Betri ya 7Ah (ampea-saa 7) kwa karatasi inakupa saa nane na kidogo. Betri iliyozeeka tegemea nusu yake. Kufuli ya sumaku ikikosa umeme hufunguka, na inafaa iwe hivyo kwa sababu ya moto, lakini maana yake betri ikiisha mlango uko wazi. Kitufe cha kutokea kikate umeme wa kufuli moja kwa moja, kisipitie kwenye programu. Ruta iwe na UPS (betri ya akiba) yake ndogo, maana watu hukumbuka kompyuta na kuisahau ruta.

Vidole vya watu waliotoka kunyanyua vyuma vina jasho na sugu, kwa hiyo kisomaji hukataa. Sajili vidole viwili kwa kila mtu, kimoja cha kila mkono, na uwe na kadi za akiba. Chukua kadi za 13.56 MHz, kwa kuwa zile za 125 kHz hunakiliwa kwa kifaa cha bei ndogo.

Ukipewa majaribio ya bure, usibofyebofye tu. Ingiza kesi hizi na utazame tarehe zinazotoka. Mtu amenunua mwezi tarehe 31 Januari: unaisha lini? Mfumo unaohesabu siku 30 na unaohesabu mwezi wa kalenda hutoa majibu tofauti, na tofauti hiyo ni kama malipo ya siku tano kwa mwaka kwa kila mwanachama. Mtu amelipa 100,000 kati ya 150,000: je, anapewa siku kwa kadiri alivyolipa, au anapewa mwezi mzima na deni linaonekana mlangoni? Mtu amesafiri kijijini wiki mbili na amesitisha: siku zake zilizobaki zimehifadhiwa? Mtu wa kulipa kwa siku, asiyetaka kusajiliwa: mhudumu anamaliza kumhudumia kwa mibofyo mingapi? Ikizidi mitatu, saa kumi na mbili jioni foleni ikiwa ndefu atapokea taslimu na kumwachia apite, na hutajua.

Hapo ndipo pesa nyingi za jimu huvujia, hapo kwenye kiingilio cha siku na tarehe zinazosogezwa. Mhudumu asiwe na ruhusa ya kufuta malipo wala kurudisha tarehe nyuma. Akikosea, aweke marekebisho, na rekodi ya awali ibaki ikiwa na jina lake na saa. Kila usiku linganisha idadi ya mara mlango ulipofunguliwa na idadi ya walioingia wenye uanachama ambao haujaisha pamoja na waliolipia siku. Programu isiyotoa ripoti hiyo, kwangu mimi, haifai, hata kama ina mambo mengine yote.

Kuhusu URA (mamlaka ya mapato): ukiwa umesajiliwa kwa VAT, lazima utoe ankara za EFRIS, mfumo wa URA wa ankara za kielektroniki, na programu ya nje haitazitoa yenyewe. Ama itaunganishwa mfumo kwa mfumo, ama mtu ataandika upya kwenye tovuti ya URA. Huduma zako ziingizwe kwanza EFRIS na msimbo wa aina yake. Maji na protini unazouza kaunta ni bidhaa, kwa hiyo ingiza idadi ya bidhaa ulizonazo huko kabla ya kuuza, la sivyo ankara itagoma. Risiti halali ina namba ya FDN (namba ya ankara inayotolewa na EFRIS) na msimbo wa QR. Ile nzuri inayotoka kwenye programu yako bila hivyo ni karatasi ya ndani tu.

Bei sasa. Mfumo wa dola 100 kwa mwezi, kwa kiwango cha 3,600, ni shilingi 360,000 kila mwezi, na dola ikipanda nawe unapanda. Kwa wanachama 200 ni 1,800 kwa kila kichwa, mzigo unaobebeka iwapo kweli unatumia kile unacholipia. Kijana wa Kampala ataonekana nafuu mwanzoni. Shida huanza akipata ajira. Kwa hiyo mkataba useme: jina la tovuti na seva viko kwa jina lako, nakala ya hifadhidata inakufikia kila wiki kwa faili unaloweza kulifungua, na matengenezo yana bei ya mwaka. Asipokubali hilo la nakala, acha. Kwa jimu ya ukubwa wako, mimi ningechagua mfumo uliokwishatengenezwa wa Afrika Mashariki wenye MoMo na Airtel tayari, kuliko vyote viwili ulivyotaja.

Ukihamisha data kutoka Excel, namba za simu ndizo zitakazokusumbua. Excel hula sifuri ya mwanzo, 0772 inakuwa 772, na mtu mmoja anaingia mara mbili. Geuza safu hiyo iwe maandishi, kisha andika zote kwa tarakimu 12 zinazoanza na 256. Tarehe ziandike mwaka kwanza, 2025-04-03, maana mfumo wa Kimarekani ukiona 03/04 utasoma tarehe 4 Machi na kumfungia nje mtu ambaye bado ana mwezi mzima. Ingiza watu kumi kwanza, wakague, ndipo umwage wengine.

Alama za kidole na fomu ya afya ni data binafsi chini ya sheria ya ulinzi wa data ya 2019. Jisajili kwa PDPO (ofisi ya ulinzi wa data binafsi), pata ridhaa kwa maandishi, na asiyetaka kuweka kidole mpe kadi. Ikiwa seva iko nje ya Uganda, fomu ya ridhaa iseme hivyo.

Nipe idadi ya milango uliyo nayo na kama kisomaji ulishanunua, nikuambie kama kinaweza kuunganishwa au utalazimika kukibadilisha.