"Bastola ilifyatuka" au "aliifyatua"?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Hapa Kirumba tumebishana sana juu ya ile kesi ya Kanada, ya mkulima aliyeachiwa huru baada ya kijana kufa kwa risasi shambani kwake. Niliposema "bastola ilifyatuka", shemeji akanijia juu kwamba nimeshakuwa wakili wa mkulima. Kitenzi kinaweza kuegemea upande? Na je, ni sahihi kusema mkulima "alishinda kesi"? – Msomaji, Mwanza

Jibu: Marahaba. Shemeji yako ana sikio zuri.

Tarehe 9 Agosti 2016, Colten Boushie, kijana wa miaka 22 wa jamii ya Wacree, wenyeji wa asili wa Kanada, aliingia na wenzake kwa gari kwenye shamba la Gerald Stanley karibu na Biggar, jimbo la Saskatchewan. Palizuka vurugu. Boushie alikufa akiwa ameketi garini, kwa risasi ya kichwa iliyotoka kwenye bastola aliyoishika Stanley. Hilo halikuwa na ubishi. Mvutano ulikuwa juu ya namna risasi ilivyotoka. Stanley alisema alikwisha kupiga risasi hewani kuwatisha vijana, akaamini bastola ni tupu, kisha ikafyatuka. Waendesha mashtaka hawakukubali. Tarehe 9 Februari 2018 jopo la raia 12 lilimwona hana hatia, si ya kuua kwa kukusudia wala ya kuua bila kukusudia, na watu wakaandamana katika miji mingi ya nchi hiyo.

Sasa tazama kitenzi. "Aliifyatua" kina mtu na mkono wake. "Ilifyatuka" ni kauli ya kutendeka: tukio lipo, mtendaji hayupo, wala huwezi kumrudisha. "Ilifyatuliwa na Stanley" inakubalika. "Ilifyatuka na Stanley" haisemeki. Wavuvi wa Ukerewe wanaijua tofauti hii vizuri kuliko sisi wa madarasani. Anayesema "nyavu zimekatika" atakaa ufukweni azishone, kwa kuwa zimenasa kwenye mwamba au zimechakaa. Anayesema "zimekatwa" yuko njiani kwenda kushtaki kwa viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe na uvuvi.

Ipo hatua ya tatu ambayo wengi hawaitambui: "bastola ilimfyatukia mkononi". Hapo aliyeshika silaha amegeuka mtu aliyepatwa na jambo, kama tunavyosema mtu "amefiwa" au mvua "imemnyeshea". Hii ndiyo ningeiogopa zaidi, kwa sababu inamhurumia mshika silaha kimyakimya, na aliyekufa hatajwi kabisa.

Kwa hiyo ndiyo, ulichukua upande, hata kama hukukusudia: ulisema maneno ya utetezi kana kwamba ni yako. Yape mwenyewe: "Stanley alisema bastola ilifyatuka." Usiandike pia kwamba mahakama ilithibitisha kuwa ilifyatuka, kwa kuwa jopo la Kanada halitoi sababu za uamuzi wake. Naye shemeji, akisema "aliifyatua kwa makusudi" kama jambo lililokwisha kuamuliwa, amekosea vilevile. Sentensi ambayo pande zote mbili zingeikubali ni hii: "Boushie alikufa kwa risasi iliyotoka kwenye bastola aliyoishika Stanley." Ni ndefu, lakini haimsingizii mtu wala haimfichi.

Kuhusu "alishinda kesi": mtaani tunasema hivyo kila siku, na sarufi haina ugomvi nayo. Mimi ningeiacha kwenye kesi za madai, za mashamba na madeni, ambako wawili wanagombea kitu na mmoja anakipata. Katika jinai mshtakiwa "huachiwa huru" au "huonekana hana hatia", basi. Na hapa kuna kijana aliyezikwa, na familia yake ilikuwa mahakamani uamuzi ulipotangazwa. "Alishinda" linawafanya wao kuwa walioshindwa, ilhali hata hawakuwa upande katika kesi hiyo. Aliyeshtaki ni serikali.